Mgodi Uko Dirishani

Alhamisi, Kewanja

Halafu darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa.

Nilikuwa nimesugua rula ya plastiki kwenye nywele zangu, nikaisogeza kwenye vipande vya karatasi, vikairukia. Nikawaeleza: chaji ikiongezeka, nguvu ya umeme inaongezeka, umbali ukiwa mara mbili, nguvu inabaki robo.

Chacha, mwanafunzi ninayemtegemea kuliko wote, akanyoosha mkono. "Sasa sisi tufanyeje, mwalimu? Mgodi uko hapo dirishani." Hapo ndipo tulipocheka.

Nusu ya madawati yalikuwa matupu. Wenzake wako huko, wanaokota mawe yenye dhahabu.

Jioni nilikwenda kwa mama yake. Nikamwomba ampeleke Chacha kwa shangazi yake aliyeko Mugumu, akasomee huko, mbali na mashimo. Akaendelea kupepeta ulezi.

"Mwalimu, baba yake alikuwa Mwanza, mbali zaidi, na kazi alikuwa nayo. Si alirudi mwenyewe? Shimo likamfukia."

Nikaaga.

Kesho natakiwa kumalizia somo. Bado sijawaambia kwamba hata uende mbali vipi, nguvu ile hupungua tu. Haiishi.