Siku ya Soko Uliyoichukua Wewe

Mama,

Tangu tukuzike hapa Oyugis naongea nawe kichwani kila nikipika. Ya leo nimeona niyaandike, nikikaa nayo nitapasuka.

Unakumbuka kikundi chetu cha kuwatembelea wagonjwa, sisi na Wakatoliki, kilivyoanza? Sisi Wasabato Jumamosi tulitoka kanisani moja kwa moja hadi kwa mzee Owuor, aliyepooza miguu, kila mtu na chupa yake ya uji uliopikwa Ijumaa. Kesho yake Wakatoliki wakatoka misa na uji wao. Mzee wa watu akanywa kwa heshima mpaka akahema. Jumatano ulipopita, ukamkuta hajatia kitu mdomoni tangu Jumatatu.

Mkutanoni ulicheka kwanza, ingawa nilijua umekasirika. "Wikendi mnamuua na uji, katikati ya wiki mnamuua na njaa. Kwani Jumatano Mungu amelala?"

Mwenyekiti akataka tuandike katiba. Ukamwambia katiba haichoti maji. Ukasema kila mtu ajichagulie siku, ukaanza wewe: "Siku ya soko nipeni mimi." Siku uliyouza nyanya kuliko zote! Baada ya hapo nani angethubutu kudai siku rahisi?

Watu huniuliza kikundi kisicho na ofisi wala mshahara kinadumu vipi. Najibu kwamba mama yangu alichukua siku ngumu. Na aliyeshindwa kuja hukumgombeza, ulimwuliza tu nani amshikie zamu.

Ulipotuacha niliogopa. Mzee Owuor hana mtoto karibu, na siku yako ilikuwa wazi. Leo ndiyo siku ya soko ya kwanza tangu mazishi. Nilikwenda mbio na uji, nikamkuta Mama Adhiambo, yule Mkatoliki anayeuza dagaa wa omena karibu na meza yako sokoni. Amefunga biashara, anamwosha mzee miguu. Hakutumwa na mtu. Nikaangua kilio mlangoni.

"Lia, lakini usisimame bure," akasema. "Hizo shuka zitajifua?"

Nikafua, Mama, huku mzee akiniuliza habari za nyumbani.

Erokamano. Asante sana. Moyoni nilitamani washindwe kidogo, ionekane kwamba bila wewe mambo hayaendi. Yanaenda. Inaniuma, na ndilo ninalokushukuru kuliko yote.

Lala salama.

Kitinda mimba wako