Kwa Ziad, Kuhusu Mguu wa Areej

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
9 Septemba 2024

Mpendwa ndugu yangu Ziad,

Assalaam alaykum. Salamu ni haki yako, kwa hivyo natanguliza salamu kabla ya hasira. Mu hali gani huko Doha? Mkeo Jana amepona kifua? Sisi huku tu wazima isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye sababu ya barua hii. Kwenye simu hunikatiza. Karatasi huwezi kuikatiza.

Wajua kwamba Areej alipoumia goti mwezi wa Februari, daktari alimkataza vyuma vizito. Mwanangu alilia, maana mashindano ya Agosti alikuwa ameyangoja miaka miwili. Na mimi, niliyegombana na mashangazi zake wote waliosema kunyanyua vyuma si kazi ya mtoto wa kike, nililia naye.

Ndipo tukampata Bi Mbodze, mtaalamu wa viungo kule Ganjoni. Alimfunga paja kwa mkanda kama ule wa kupimia presha, wenye kipimo chake. Akatueleza: damu inapunguzwa, haizuiwi, na chuma kiwe chepesi, kwani mkanda ndio unaouchosha msuli kana kwamba umebeba kizito. Sikuamini. Lakini baada ya wiki saba paja lililonywea lilijaa, na Areej akawa anashuka ngazi zetu bila kushika ukuta.

Kisha ukaja wewe. Una jim yako, una wafuasi wako mtandaoni, na mtoto akuona bingwa. Ukamtumia mikanda ya mpira isiyo na kipimo, ukamwambia akaze mpaka mguu ubadilike rangi, kisha apakie chuma kizito, eti ndiyo siri ya huko. Nilikupigia kukuuliza. Ukanijibu, "Dada Swafia, wewe pika, mambo ya mazoezi niachie mimi." Nikanyamaza. Kwa kunyamaza kule najilaumu mpaka leo.

Siku kumi na mbili kabla ya mashindano, Areej alichuchumaa na chuma mabegani, mguu wa kulia ukafa ganzi, akaenda nacho chini. Mwenzake Stacy ndiye aliyekivuta kisimlalie shingoni. Walipofungua mkanda, paja lilikuwa na alama ya zambarau, na vidole vya mguu havikutii. Hospitalini walisema mshipa wa fahamu umebanwa. Wiki tatu mwanangu aliburuta unyayo kwenye vichochoro hivi, na wale mashangazi wakimtazama madirishani.

Nilipokuarifu, ulinitumia neno moja, "Pole," na katuni ya mkono uliotuna misuli. Ziad, mimi ndiye niliyekulea mama alipofariki. Sikukulea uwe hivyo.

Bi Mbodze alipouliza nani aliyemfundisha vile, Areej alimjibu, "Niliona mtandaoni tu." Hata babake hajui. Tulipotoka nje akaniambia, "Mama, mjomba hakukusudia." Mtoto aliyekuwa hawezi kuinua kidole cha mguu ndiye anayekusitiri, nawe bado wauza mikanda ile ile kwenye ukurasa wako, na video ya paja lake aliyokutumia ndiyo tangazo.

Iondoe. Leo, si kesho. Kisha mpigie yeye, si mimi, umwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea. Yeye adhani kosa ni la mwili wake. Wiki jana nilimkuta chumbani akiupiga ule mguu ngumi.

Alhamdulillahi, tangu Ijumaa vidole vimeanza kuinuka. Bi Mbodze amemrudisha kwenye chuma cha kilo tano, bila mkanda kwa sasa. Siku ya mashindano alikwenda kumshangilia Stacy, akarudi na sauti imekauka, akalala bila kula.

Shemeji yako Abdulkadir akusalimu kwa mapenzi, kwa sababu hajui. Nimempa Areej neno langu kwamba sitamwambia. Nisalimie Jana, na umbusu mwanao mdogo Afaf.

Areej hajui kama nimekuandikia. Ukimpigia, atadhani ni moyo wako uliokutuma. Nakuachia hiyo, ndugu yangu.

Mungu akupe afya, na akupe na haya.

Akupendaye, na aliyekukasirikia,
Dadako Swafia