Nilikwenda Kutafuta Mwingine

Mama mkwe wangu mpendwa,

Hii ni mara ya kwanza nasema nawe bila mtu katikati. Miaka kumi na mmoja nimekuwa mume wa binti yako, na neno lako lolote lilinifikia kwa kinywa chake, langu vilevile. Hata tukiwa ua mmoja, wewe mlangoni pa jiko umenipa mgongo, mimi nyuma ya ukuta, ukitaka kujua kama nimeshiba ulimwuliza yeye. Nilikusikia vizuri sana, lakini nilingoja aniulize ndipo nijibu. Majirani waliotoka mbali walitucheka. Sisi hatukuona cha kuchekesha. Ndiyo heshima ya ukwe, kwenu na kwetu.

Unakumbuka siku tulipokutana uso kwa uso kwenye njia ya Shituru? Wewe unatoka sokoni na beseni kichwani, mimi nakwenda kazini na viatu vyangu vyeupe. Hapakuwa na kichochoro cha kukwepea. Nikaruka mtaro, nikasimama kwenye matope natazama ukuta wa nyumba ya watu mpaka upite. Na ulipita polepole, Mama, nadhani kwa makusudi. Jioni binti yako akaniletea samaki watatu wa ziwa Tshangalele, akasema umewatuma wanipe pole ya viatu. Ndivyo ulivyokuwa.

Nami sikukaa bure. Ulipokwenda ziwani kununua samaki nilipanda paa lako, nikabadilisha mabati yaliyotoboka, nikashuka kabla hujarudi. Hukutuma asante. Niliambiwa tu kwamba mbele ya wajukuu umeniita fundi asiyeonekana, nikavimba kichwa wiki nzima.

Kulikuwa na njia ya kumaliza kukwepana huku, na wewe uliitaka kuliko mimi. Kwa mila yenu, mkwe akishazaa na kuonekana ana adabu, mama mkwe humwita ndani, humpikia, humlisha tonge kwa mkono wake mbele ya wazee. Tangu siku hiyo wanasalimiana kwa mkono, wanakula pamoja, hata kuuguzana wanaweza. Ulifuga kuku kwa ajili hiyo. Kila mwaka ulituma neno: mwambie bwana yako kuku wanazeeka. Na mimi, mtu wa kwaya, nikajibu kwamba hayo ni mambo ya mababu, sisi tumeokoka, hatuhitaji tonge ili tupendane. Maneno makubwa! Lakini kila nilipokuona bado niliruka mtaro. Mila ya kutufunga nilikuwa nayo, ile ya kutufungua nikaiita ushenzi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila hapa halikuumia tumbo langu.

Sasa nifike kwenye asubuhi ile.

Siku iliyotangulia, pikipiki iliyokurudisha kutoka ziwani iliteleza, ukaangukia ubavu kwenye ukingo wa daraja. Ulisema ni maumivu tu, ukajikanda maji ya moto. Kulipokucha ukashindwa kumaliza sentensi. Binti yako akakuleta hospitali, chumba cha dharura, na zamu ya uuguzi ilikuwa yangu. Daktari alikuwa ndani, anampasua mama aliyeshindwa kujifungua.

Nilijua ukiwa bado mlangoni. Ubavu ukivunjika unaweza kutoboa pafu. Hewa inavujia kifuani haina pa kutokea, kila pumzi inaongeza nyingine, mpaka pafu linasinyaa na moyo wenyewe unasukumwa pembeni. Mishipa ya shingo yako ilikuwa imevimba, koromeo limesogea upande, midomo rangi ya majivu. Cha kufanya ni kidogo: sindano nene kati ya mbavu, hewa itoke, halafu daktari akimaliza aje aweke mrija kwa utulivu. Nimewafanyia hivyo wachimbaji walioangukiwa na udongo, na wengine leo wananinunulia soda wakiniona. Sindano nilikuwa nayo mkononi.

Nikasogea. Ukavuta kikwembe chako mpaka kidevuni, ukanitazama machoni, na kwa mara ya kwanza ukasema nami mwenyewe, ukiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza.

"Hapana weye, Baba Dorkasi. Tafuta mwingine."

Nikatii. Mungu wangu, nikatii. Nilikuwekea oksijeni huku natazama dirisha, nikatoka mbio kumtafuta muuguzi mwenzangu, Mama Vero, aliyekuwa amekwenda ghala la dawa ng'ambo ya ua. Ghala limefungwa. Nikamkuta maabara, tukarudi tunakimbia wote wawili. Binti yako alikuwa amekushika kichwa anakuita. Mapigo hayakuwepo. Hapo ndipo nilipokifunua kikwembe mimi mwenyewe, bila kumwuliza mtu, nikaingiza sindano. Hewa ikatoka, Mama. Ilitoka kwa sauti, kama tairi la baiskeli. Tulikandamiza kifua chako kwa zamu mpaka daktari akaja, akatuambia tuache.

Kwenye kilio wazee wenu walinisimamisha mbele ya watu. Wakasema huyu ni mkwe, amemheshimu mama mpaka dakika ya mwisho, wakaniletea kiti. Nilikaa. Nilitaka ardhi ipasuke, lakini nilikaa, nikapokea pole na sifa mpaka jioni. Kiti hicho kinanichoma kuliko jeneza.

 Miezi mitano binti yako alinipakulia bukari na mboga kama kawaida, akaniuliza habari za kazi, akaninyooshea koti jeupe. Jumapili iliyopita tulikaa uani tukichambua majani ya sombe, akaniuliza bila hasira, macho yake kwenye majani.

"Angekuwa mama wa mtu mwingine, akakukatalia vile, ungetoka?"

Ningeweza kudanganya. Lakini yeye ameshanisikia nikisimulia, mezani kwetu, akina mama walionikatalia, walionipiga hata kofi, nikawaomba radhi sindano ikiwa imeshaingia.

"Hapana," nikasema.

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, kama mtu anayejisemea, "Kumbe mama alikufa kwa sababu ya kuwa mama yetu." Akabeba sufuria, akaingia jikoni.

Nimekulilia, Mama, siku nyingi kuliko nilizomlilia aliyenizaa. Sikuombi unisamehe. Kwako ingekuwa rahisi mno, maana wewe ndiwe uliyenituma, na najua ungesema nilifanya vizuri. Ninayepaswa kumwomba yuko jikoni sasa hivi, namsikia akikoroga, na kati yangu na yeye hakuna mila yoyote inayonizuia kufungua kinywa.

Pumzika, Mama.

Mkweo,
Baba Dorkasi