Robe ya njano

Jumamosi jioni

Hakuna mutu alinilazimisha. Ni mimi mwenyewe nilimurudisha mutoto Furaha kwao abadilishe nguo.

Niliwaambia wasichana wa kikundi chetu, hapa mutaa wa Kasha, kwamba leo kuna picha ya kutuma kwa wafadhili. Mutoto akakuja na robe yake ya misa, gauni ya njano, mama yake ameipiga pasi vizuri. Nikamuambia, "Enda uvae ya kila siku. Hii haionyeshe shida."

Alirudi na ile yenye kupasuka begani. Nikamusimamisha mbele ya wenzake.

Baada ya picha akaniuliza polepole, "Maman Solange, ile ingine ilikuwa mubaya?"

Nikajibu ni sababu ya jua, eti njano inaangaza sana kwa picha. Mimi, mwenye kuwafundisha kila Jumamosi wasijionee haya.

Kesho kuna misa. Atavaa ile ya njano, na mimi sijui nitaketi wapi macho yetu yasikutane.