Ukuta Nilioutoa

Gerji, Addis Ababa
Jumanne

Baba yangu Anjulo,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha mama, kisha dada yangu Wudnesh, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii, maana macho yako siku hizi hayapatani na herufi ndogo. Kile kikohozi cha mama kimemwachia? Na goti lako, Baba, bado linakutesa unapotoka kwenye shimo la kitanda cha kufumia? Mimi mwili ni mzima, moyo tu ndio hauko mahali pake.

Utashangaa. Juzi Jumapili tulikuwa wote, tumekula mkate wa kocho kwa pilipili ya mama, halafu leo mtu anakuandikia barua kama yuko ng'ambo! Najua utasema huyu naye, mji mmoja, gari moja, barua ya nini? Una haki. Jumapili nilikuja na neno kifuani, likagoma kutoka. Nilikunywa kahawa mpaka kikombe cha tatu, cha baraka, nikaaga nikaondoka nalo. Sasa nimeona niliandike kabla ya Alhamisi, siku ambayo wafumi wote wa mtaa wetu mtakaa chini ya hema la kampuni ya ujenzi na kutia alama za vidole kwenye karatasi za nyumba mtakazohamia. Mkishaweka vidole, hakuna kurudi. Wudnesh, tafadhali soma polepole, na usiruke kitu hata kikikuudhi.

Nianzie mbali kidogo. Nilipoacha kufuma nikaenda kujifunza kutengeneza picha za vyumba kwa kompyuta, ulisema mbele ya wajomba kwamba mkono wa ukoo wetu umekatika. Neno hilo lilinichoma. Ofisini nilipokewa na Surafel, mkubwa wetu, mtu wa mizaha ambaye hata akikufukuza kazi utacheka kwanza. Nilidhani kazi yenyewe ni rahisi: chora ukuta, weka kiti, washa taa, kwisha. Picha yangu ya kwanza aliitazama, akaniuliza kama hicho ni chumba au boksi la viatu. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Basi akaniketisha, akaanza kunifunza mwanga. Alisema hakuna ukuta duniani ulio mweupe kabisa. Ukiupa weupe wote kwenye kompyuta, mwanga unadunda bila kuchoka, na chumba kinakuwa kama kimemwagiwa maziwa. Akanionyesha kwamba jua likiingia dirishani haliishii pale lilipoanguka. Linagonga sakafu, linachukua rangi ya sakafu, linaipeleka ukutani na darini, na kila linapogonga linapungua nguvu. Pembe ambako ukuta unakutana na dari lazima iwe na giza kidogo. Mguu wa kiti usipowekewa kivuli chake, kiti kinaelea kama jini. Hata ukingo wa meza si wembe, umelika kidogo, na hapo ndipo mwanga unapong'aa. Ukishapanga yote hayo unaiachia kompyuta ipike. Mwanzoni picha inatoka chengachenga kama unga wa teff uliomwagika, kisha zile chenga zinatulia, chumba kinatokea. Baba, siku chumba changu kilipotokea na vivuli vyake vyote, nilipiga makofi peke yangu. Surafel akasema mganga amepata tunguri zake.

Ila chumba chenye dirisha moja kina tabu yake. Ufuate kanuni zote, bado nyuma kunabaki giza, na wateja hawataki giza. Surafel akanionyesha njia wanayoitumia wote pale. Unautoa ukuta ulio nyuma ya mtazamaji, ule usioonekana kwenye picha, na mwanga unaingia kwa huko. Nikamuuliza kama huo si uongo. Akaniuliza yeye tangu lini nimeona mtu akiigeuza picha kutazama mgongoni mwake. Ilikuwa picha ya kuuzia makochi tu, kwa hiyo sikuona ubaya. Nikautoa ukuta, na chumba kikachanua.

Ndipo ikaja kazi ya kampuni inayojenga hapo kwetu. Surafel alinipa mimi, akisema mtoto wa mfumi ndiye anayejua wafumi wanataka nini. Nilichora nyumba za ghorofani. Nikaweka kitanda cha kufumia kilichoinuliwa juu ya miguu ya mbao, kwa kuwa ghorofani huwezi kuchimba shimo la miguu ya mfumi. Nikatandika nyuzi nyeupe, na kwenye kiti nikatupia shuka ya shamma yenye pindo lile lako la manjano na nyekundu, ambalo mtu akiliona sokoni anajua ni mkono wa Anjulo. Na dirisha? Dirisha la nyumba zile linatazama jengo jingine, karibu kiasi kwamba jirani akipiga chafya utamwitikia ukiwa kitandani kwako. Lile jengo nililifuta. Kisha nikautoa na ukuta wa nyuma. Jua likaingia likalala juu ya nyuzi, na wewe mwenyewe ungeweza kuzihesabu.

Hiyo ndiyo picha iliyo kwenye bango pale njia panda. Wudnesh aliniambia ulisimama mbele yake, ukanyoosha mkono kuugusa uzi, ukacheka ulipogusa karatasi. Halafu ulipojua ni kazi ya nani, mwenyekiti mzima wa wafumi ukawaita wenzako waje kutazama. Mfumi mwenzako Mzee Dalke alikuwa bado anashikilia vile vyumba vya chini, vya uani, ambavyo navyo mmepewa kuchagua. Mkamtania kwamba akae huko na kuku wake, sisi tunapanda juu. Naye akaona haya, akasema basi, kama mwana wa Anjulo ndiye aliyechora, na yeye anapanda.

Sasa Wudnesh, ukifika hapa usimung'unye maneno.

Jumapili ile ya kabla ya hii iliyopita, wazee walipokuja nyumbani, uliniita katikati yao. Ukaniuliza kama mwanga ule kwenye picha ndio mwanga tutakaoukuta kule juu. Baba, nilikuwa nimeshaujua ukweli. Siku chache kabla yake, roho ikinisuta, niliurudisha ukuta, nikalirudisha jengo la jirani, nikaweka jua la mchana kweupe, nikaiacha kompyuta ipike. Chumba kilitoka cheusi. Kitanda kilionekana kwa shida, uzi haukuonekana kabisa. Niliifuta picha ile upesi, mtu asije akaiona. Na bado, uliponiuliza, nilikujibu kwamba ndiyo, ndio mwanga wenyewe. Nikaongeza hata usichoniuliza: kwamba asubuhi utakuwa mzuri zaidi.

Sikulazimishwa na kampuni, wala na Surafel. Uliniwekea mkono begani ukawaambia wazee kwamba mliosema huyu ameacha kufuma, tazameni, anafuma mwanga. Ukaniita fundi. Tangu nizaliwe hukuwahi kuniita hivyo, na nilitaka jina lile likae kwangu japo siku moja. Kwa ajili ya jina hilo nilikuwa radhi wewe na wenzako mkapapase nyuzi gizani maisha yenu yote. Naona aibu, Baba. Nimeshindwa kula. Nikipita njia panda naona picha yangu na nageuza uso kama mwizi aliyekutana na mwenye mali.

Tafadhali chagueni vile vyumba vya uani. Ni vibaya, nakubali, milango yake mipana kama ya zizi, na nimeicheka hata mimi. Lakini mlango ukifunguliwa hakuna kinachoziba jua, mchana kutwa uzi utaonekana, na chini ni udongo, mtachimba mashimo yenu. Surafel nimeshamwambia kwamba nitasema. Aliniuliza nimekunywa nini. Kisha akanigeuzia mgongo bila mzaha wowote, na kwake yeye hiyo ni hasira kubwa, kwa hiyo kazi sijui kama bado ninayo.

Nakujua, Baba. Utataka kunisitiri. Utamwambia Wudnesh aikunje barua, na Alhamisi utawageuza wenzako kwa sababu nyingine, kwamba goti halipandi ngazi, ili mtoto asiaibike. Usifanye hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba gome, ile dhambi ya kuvunja mwiko, haitubiwi chumbani. Mtu akiuvunja mwiko anausema kwa kinywa chake mbele ya wale aliowakosea, la sivyo unaila nyumba nzima. Najua pia kwamba nikisema ninakushusha na wewe, kwa sababu mimi hawakunijua, walikuamini wewe. Ndiyo maana nimeona si haki ulisikie kwa mara ya kwanza mbele za watu. Nimekuandikia ulisikie ndani, ukiwa na mama.

Mama nisalimie sana, nakuomba umshike mkono kwa niaba yangu. Wajomba nao wape salamu, na majirani wote wa ua wetu, kila mmoja kwa jina lake. Mungu aniwekee afya yenu, hata kama mtanikasirikia kwa afya hiyohiyo.

Barua hii haikuletwa na mtu wa posta, nimeileta mwenyewe nikampa jirani aiingize. Wakati Wudnesh anasoma hapa, mimi niko nje ya mlango, ambako nimeandikia mistari hii ya mwisho. Siko peke yangu. Nimepita kwa Mzee Dalke na kwa wenzako wote, nikawaomba waje, na wamekuja. Wamesimama nami wakiulizana wameitiwa nini. Mimi ukitaka niache nje. Wao wafungulie.

Mwanao, uso chini,
Mesele Anjulo