Mfupa Usiotakiwa Kung'aa

Jumapili, Mei, saa nne asubuhi. Ukungu umeifunika milima yote ya Matogoro, na baridi hii inanipata mpaka kwenye skrubu za mguuni.

Wenzangu wa nyumbani wako misani. Mimi nimelala, mguu wa kulia juu ya mito miwili, na hofu imenishika tangu nilipofumbua macho. Kesho napigwa eksrei.

Wiki saba zilizopita bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye tope, nami nikatanguliza mguu chini kama mtu anayezuia baiskeli. Nikavunja mfupa ambao hata sikujua kama ninao. Daktari anauita talasi. Umekaa ndani ya kifundo, juu ya kisigino, chini ya muundi, na uzito wote wa mwili unapita hapo. Hakuna msuli hata mmoja ulioushika. Karibu wote umefunikwa na gegedu, kwa hiyo damu huingia kwa vinjia vichache tu, vingi vikipitia shingoni mwake. Wangu ulivunjika hapo hapo shingoni.

Daktari wangu ni kijana, mgeni hapa Songea. Alinitia skrubu mbili, kisha akanieleza atakachotafuta kesho: mstari mwembamba mweusi chini ya uso wa juu wa mfupa, dalili kwamba damu inafika. Mfupa unaopata damu hufifia kidogo pichani ukipumzishwa. Uliokosa damu hubaki mweupe, unang'aa, mzuri kuutazama.

"Mama, tuombe mfupa uonekane dhaifu," alisema.

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Kifundo kisipokunjika, nitakula nini hapa mtaani Mfaranyaki?

Sasa niseme lililonikaa kooni.

Nilishona.

Ilikuwa wiki ya tano. Jirani yangu, Mama Ngonyani, alikuja na gauni jeupe la komunyo ya kwanza la bintiye. Fundi mwingine alikuwa ameliharibu mabega. Alipouona mguu wangu akaanza kulikunja arudi nalo. Hakuniomba. Mimi ndiye niliyesema, "Liache, dada." Kiburi tu.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa ameuvua mkanda wa cherehani na anatembea nao mfukoni, maana ananijua. Hakujua nina mwingine kwenye kopo la vifungo. Nikafungua bandeji, nikatoa gamba la plasta lililoshika mguu, nikakanyaga pedali siku mbili. Nilijiambia daktari amekataza kukanyaga sakafu, hakutaja cherehani. Mtu mzima na akili zangu!

Sikuumia sana, na hilo linanitisha kuliko maumivu. Tangu siku ile naubonyeza mguu kila asubuhi, nauliza kama bado upo hai.

Gauni lilipendeza. Mtoto alikuja kunionesha, akaniamkia shikamoo, akazunguka mara mbili mbele yangu. Nilimpigia makofi.

Baba Neema huwaambia ndugu kwenye simu kwamba mkewe ametulia kama mtawa. Naona aibu mpaka naufunika uso kwa shuka.

Lakini kinachonichoma leo ni yule daktari. Mara ya mwisho nilipokwenda kliniki, baada ya kushona, aliishika picha dirishani muda mrefu. Akaniambia talasi yangu ndiyo ya kwanza aliyoitengeneza bila mkubwa wake kusimama pembeni, na mfupa ukifa atajiuliza alikosea wapi. Nami sikumwambia habari ya cherehani. Nilimwacha kijana wa watu aende na swali lisilo lake.

Kesho, kabla hajaiinua picha, namwambia. Mfupa ukiwa mweupe, asiilaumu mikono yake.

Ila Baba Neema atakuwa amekaa nami kwenye benchi lile lile. Haifai ayasikie hospitalini. Misa imekwisha, namsikia nje anasalimiana na majirani. Nitamwita akishaingia ndani.

Hapana. Namwita sasa hivi, kabla sijatunga uongo mwingine.