Printa ya Mezani Kwangu

Gulu, 4 Februari 1993

Mwanangu Lakot,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila goti tu. Wewe je, na hayo maji ya mafuriko ya mtaa wenu wa Namuwongo yasiyokauka?

Huu ni mwaka wa pili hatujui kaka yako Obwona yuko wapi. Mkewe Docus yupo tu, si mke, si mjane. Jeshini kila mmoja ananiambia lake. Wewe unafanya kazi palepale penye majina ya askari. Fungua hiyo kompyuta yenu unitolee karatasi inayosema kama yu hai au amekufa. Nilikuwa polisi miaka ishirini na sita. Maneno ya mdomo nimechoka nayo.

Baba yako,
Obita

Kampala, 19 Machi 1993

Baba yangu mpendwa,

Habari za nyumbani? Goti likandwe kila siku, usilipuuze. Mimi sijambo kwa mwili.

Pole, Baba. Karatasi ndiyo hii. Mstari wa nne: amefariki, Septemba 1991.

Usishangae kuwa ni fupi. Printa ya mezani kwangu inatoa kile tu kilicho kwenye skrini. Ukitaka faili zima, unaiagiza kompyuta kubwa, nayo inachapa kule chini kwenye chumba cha mashine, jina lako likiwa juu, na wakubwa wanakuuliza ulilitakia nini. Nimechapa hapahapa, nikaificha mkobani. Imetosha.

Nimelia mpaka macho yamevimba. Wekeni matanga, mimi sikupewa ruhusa.

Binti yako,
Lakot

Kampala, 2 Novemba 1994

Baba,

Natumaini hujambo. Sijui nianzie wapi.

Wiki hii nimeamriwa kuchapa mafaili yote kule chini. La kaka limetoka kurasa mbili. Ule wa pili sikuufungua siku ile. Unasema taarifa ya kifo ilikosewa, aliyekufa ni askari mwingine. Obwona amefungwa, na anangoja ndugu yeyote aje kumtilia sahihi atoke. Tarehe ya ukurasa huo ni Januari 1993. Tayari ulikuwepo kwenye kompyuta, Baba, wakati nakuandikia! Ningebonyeza kitufe kimoja tu, ungefunguka kwenye skrini. Niliogopa wakubwa wasinikute wakaniuliza.

Jana nimekwenda gerezani. Wameniambia waliishia kumwachia Agosti, bila ndugu yeyote kuja.

Docus ameolewa na mwanamume mwingine, huyo Kasim, kwa sababu ya karatasi yangu. Naomba unisamehe.

Binti yako,
Lakot

Gulu, 28 Novemba 1994

Lakot,

Salamu. Goti ni lile lile.

Obwona alifika Septemba, kwa miguu. Alimkuta Docus kwa Kasim, ananyonyesha. Hakupigana na mtu. Aliniuliza nani alisema amekufa, nikamjibu ni karatasi ya serikali. Sikusema kwamba wewe ndiye uliyeileta. Nilikosa hata la kukuandikia.

Sasa macho yangu hayasomi tena, kwa hiyo barua yako nilimpa yeye anisomee. Aliisoma yote, hakuruka neno. Mwishoni akaniuliza, "Mzee, huyu dada aliogopa kuulizwa tu?" Akacheka, na kile kicheko sikukipenda.

Unaniomba msamaha. Mimi si mwenye kuutoa, sikukaa mle gerezani. Nilimwambia akujibu mwenyewe. Amekataa. Amekubali tu kuandika ninayoyasema, na mwandiko huu ni wake.

Baba yako,
Obita